Matokeo ya shule yasomwe pamoja na lugha ya mtoto

Kila matokeo ya mtihani wa darasa la tisa yanapotangazwa hapa Burundi, lawama huwaangukia walimu na wanafunzi. Mimi nauliza: waliokaa kwenye madawati hayo ni watoto gani?

Wakimbizi wa 1972 walioishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walisomesha watoto katika shule za msingi za Tanzania, ambako hesabu na sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Waliporejea kwa wingi mwaka 2008 na 2009, watoto walikuta Kirundi madarasa ya chini na Kifaransa ya juu. Aliyejua vizuri kukokotoa asilimia akaonekana mzito wa akili, kumbe alikwama kwenye lugha. Hata leo, mtoto wa mfanyabiashara wa Kobero au Mugina anayehamia kutoka ng'ambo hukutana na ukuta huo huo.

Naomba wakuu wa shule waandike, kando ya alama, lugha aliyoanzia mtoto, na wampe masomo ya ziada ya Kifaransa kabla ya kumrudisha darasa. Nanyi wazazi, msivuke mpaka bila ripoti yake ya shule. Mgeni wa lugha si mjinga.