Mbwa Asiyebweka na Siri ya Damu

Katika misitu ya Uele na Ituri yuko mbwa mdogo wa kuwindia, ambaye wenyeji wamemjua tangu zamani sana. Masikio yake husimama, mkia wake hujikunja juu ya mgongo, na paji lake lina makunyanzi kama la mzee anayefikiri. Habweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi majanini. Wageni walimwita basenji, neno lililo ndugu ya «washenzi». Jina hilo halina heshima nyingi. Lakini mbwa huyo amewafundisha waganga wakubwa, na somo lake lagusa nyumba nyingi za kwetu.

Katika miaka ya 1930 mbwa wachache wa namna hii walichukuliwa Uingereza, na mwaka 1937 Bibi Olivia Burn aliwaonyesha watu wa London. Walipendwa sana, wakapelekwa na Marekani. Basi maelfu ya mbwa wakazaliwa kutoka kwa wazazi wachache tu, na mara nyingi ndugu walizalishwa na ndugu. Hapo ndipo siri ya damu ilipojitokeza. Watoto wengine wa mbwa hao walikuwa wachovu, ufizi wao mweupe, damu yao haba. Wakafa wangali vijana.

Mwaka 1971 wataalamu walitambua sababu. Chembe nyekundu za damu huhitaji nguvu ili ziishi, nayo nguvu hiyo hutoka katika sukari. Mbwa hawa walikosa kimeng'enya kimoja kiitwacho piruvati kinasi, ambacho huigeuza sukari kuwa nguvu; chembe zao zikavunjika upesi kuliko mwili ulivyoweza kutengeneza nyingine. Mwaka 1994 chanzo chenyewe kilionekana: katika maandishi ya urithi yaliyo ndani ya mwili, herufi moja tu ilikuwa imekosekana!

Nasi wanadamu? Ugonjwa wa kukosa kimeng'enya hicho ulikwisha kuelezwa kwa watu mwaka 1961. Kwa hiyo waganga waliona kwamba mbwa wa Kongo na mtoto wa mtu waweza kuugua kwa njia moja. Na huko Seattle, Marekani, walikuwako waganga waliokuwa wakijaribu kuhamisha uboho, yaani kile kitu laini ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Mwaka 1976 walieleza jinsi walivyowatibu mbwa wenye ugonjwa huu kwa uboho wa mbwa wazima: damu mpya ikaanza kutengenezwa, wagonjwa wakapata nafuu. Bwana E. Donnall Thomas, aliyeongoza kazi hiyo ya uboho kwa miaka mingi, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Ugonjwa wa urithi tunaoujua sana ni ule unaoitwa SS. Si ugonjwa uleule wa mbwa. Hapa kosa limo katika kile kinachoipa damu rangi yake nyekundu, na chembe hujikunja kama mundu. Mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, mikono huvimba, damu hupungua. Lakini ni ugonjwa wa damu vilevile, na njia iliyojaribiwa kwanza kwa mbwa imewafaa wagonjwa hawa pia. Mwaka 1984 waganga wa Memphis walitangaza habari za msichana wa miaka 8, mwenye SS pamoja na kansa ya damu. Alipewa uboho wa ndugu yake, akapona yote mawili.

Hata hivyo, dawa hiyo ni ya gharama kubwa na ina hatari, na familia nyingi haziwezi kuipata. Je, basenji hana jingine la kutufundisha? Analo, na hilo halihitaji fedha nyingi.

Sheria ya urithi ni hii. Kila mtoto hupokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Mwenye fungu moja bovu na moja zuri huishi kama mtu mzima, wala hajui anachokibeba. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba iko bahati 1 katika 4 kwamba mtoto atapokea mafungu mabovu mawili, naye atakuwa mgonjwa. Wafugaji wa basenji walipojua hayo, walipima damu ya mbwa wao, wakaacha kuzalisha wabebaji wawili pamoja, na ugonjwa ukawa nadra. Tena mwaka 1987 na 1988 wengine walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, kutafuta mbwa wenye damu mpya.

Mtu si mbwa, wala hachaguliwi mchumba na mfugaji. Yeye ana akili na hiari yake, ndiyo maana yampasa kujua. Vijana mnaotaka kuoana, nendeni mkapimwe damu kabla ya mahari kutolewa, mkazungumze kwa ukweli.

Nanyi akina baba na mama ambao mtoto wenu anaugua, sikieni neno hili. Mara ngapi tumeona shangazi mzee akishtakiwa ulozi, au mke akirudishwa kwao kwa sababu «damu yake ni mbaya»! Ugonjwa huu haukutumwa na mtu. Umetoka kwa baba na mama sawasawa, nao hawakujua. Mwacheni shangazi akae kwa amani, mpelekeni mtoto hospitali mapema, na mzigo huo mwuchukue wawili pamoja.