Kitabu cha Mwalimu wa Watoto Kiwe Huru

Taifa lililoamuru watoto wote wafunzwe halina haki ya kumfungia mwalimu wao kitabu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliiingiza elimu ya awali katika elimu ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali, kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne. Mlango wa mtoto ukafunguliwa. Mlango wa mwalimu aandaliwaye kumpokea mtoto huyo ungali umeegeshwa.

Na utazamwe mfano wa Kwamndolwa, kata ya mji wa Korogwe. Mtoto wa huko aingiaye darasa la awali yamkini amelelewa kwa Kisambaa, Kizigua au Kibondei pamoja na Kiswahili. Huujua mkonge kabla ya kuzijua herufi, na huiona milima ya Usambara kabla ya kuona picha yoyote ya kitabuni. Mwanachuo wa ualimu hufunzwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mchezo, kwa wimbo na kwa vitu vilivyomzunguka. Lakini kitabu cha taaluma hii kitokacho Ulaya au Marekani humfunza hayo kwa Kiingereza, kwa mifano ya watoto wa kwingine, na kurasa zake za mwanzo humkataza kunakili, kutafsiri au kubadili neno bila idhini. Mwalimu huagizwa kuyatumia mazingira, kisha huzuiwa kuyatia kitabuni.

Wako wasemao kwamba yatosha kitabu kusomwa bure mtandaoni. Hayatoshi. Bure ni jambo moja na huria ni jingine. Kitabu cha bure humruhusu mtu kusoma. Kitabu huria humruhusu pia kunakili, kutafsiri, kurekebisha na kugawa, mradi amtaje aliyekiandika. Jina la rasilimali huria za elimu lilizaliwa katika mkutano wa UNESCO mwaka 2002, na Novemba 2019 nchi wanachama zilipitisha pendekezo la kuzieneza. Nayo African Storybook, iliyofungua maktaba yake mtandaoni mwaka 2014 kutoka Afrika Kusini, hutoa hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa ruhusa ya namna hiyo. Ikiwa hadithi ya mtoto yaweza kuwa huria, kwa nini kitabu cha mwalimu wake kisiwe?

Hujibiwa kwamba mwandishi atakufa njaa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mhadhiri angeishi kwa mauzo ya kitabu; lakini yeye huishi kwa mshahara. Na alipwe ujira kamili wa kuandika, mara moja, kwa fedha za umma; kisha umma usinunue tena kilicho chake. Hujibiwa pia kwamba kila mtu akiruhusiwa kurekebisha, makosa yataenea. Kinyume chake, kosa hudumu katika kitabu kisichoguswa. Chuo kina wahariri; nakala yao na ibaki kuwa ya rejea, na kila badiliko libebe jina la aliyelifanya. Tena husemwa kwamba vijijini mtandao ni dhaifu. Basi kitabu huria ndicho kinachofaa zaidi, kwa kuwa nakala moja iliyofika Korogwe yaweza kuchapwa hapo kwa karatasi, pasipo kumwomba mtu ruhusa wala kumwogopa.

Kazi hii ina wenyewe. Korogwe pana chuo cha ualimu; nchi ina Taasisi ya Elimu; na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimebeba neno lenyewe katika jina lake. Wahadhiri na waandike kwa Kiswahili, walimu wa kata waongeze michezo na nyimbo za kwao, na ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kilichogharimiwa na umma utamke ruhusa mahali palipozoea kutamka katazo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mwalimu aliyelelewa kwa makatazo atawalea wengine kwa kunakili ubaoni yale asiyoruhusiwa kuyafikiri upya.