Nukta Kabla ya Inchi

Shule ya sekondari ya Kibondo au Kasulu itakayo kuifanya televisheni kubwa kuwa kioo cha kompyuta haina budi kuhesabu nukta kabla ya inchi. Picha yenye nukta 1920 kwa 1080, katika kioo cha mshazari wa inchi 24, huwa na nukta 92 hivi kwa kila inchi. Katika kioo cha inchi 43 hubaki 51 tu. Nukta haziongezeki, bali hukuzwa. Hivyo herufi zisomwapo kwa karibu hukwaruza macho. Darasa zima litazamapo kwa mbali, televisheni hiyo yafaa. Kwa mwalimu atungaye mtihani mezani, ni hasara, tena hula umeme zaidi. Fedha za shule ni chache: kazi ndiyo ichague kioo, wala si fahari.