Kisu cha kukunja hakirushwi

Ndugu mwandishi, umetuambia kisu chochote cha mfukoni chaweza kurushwa, mradi mkono uwe mzoefu. Sikubali.

Tazama kiungo chake. Opinel ya Ufaransa, aina ya kisu cha kukunja iliyoanza kutengenezwa 1890, ina mpini wa mti, bamba jembamba la chuma na msumari mmoja wa kuvishikilia pamoja. Irushe kwenye shina la mti: ikigonga kwa ubavu, pigo lote linaishia kwenye msumari ule. Unalegea, mpini unapasuka. Baada ya hapo kisu kitajikunja siku unakata jibini malishoni Masisi, na kitakachokatwa ni kidole. Kule Walikale, anayekata kamba za mzigo msituni atapata wapi kisu kingine, chake kikiharibika? Na kwa wepesi wake, mara nyingi hakichomi hata gome. Kinadunda na kukurudia.

Wazande wa kaskazini mwa Kongo walijua kurusha. Kpinga, kisu chao cha kurusha, ni chuma kimoja, hakina bawaba, chenye makali kadhaa ili kinapozunguka, upande wowote ujeruhi. Hiyo ilikuwa silaha (na siisifii).

Cha mfukoni kimenye mihogo. Ukitaka kurusha, mwendee mhunzi.