Radi Haina Rafiki, Bali Ina Kanuni Zake

Wako watu wanaoamini kwamba kijana anayesimama dirishani kutazama mawingu ya ngurumo, wakati wenzake wamejifunika blanketi, ana kasoro kichwani. Mimi nawapinga. Naona kasoro iko kwa yule anayeishi na radi mwaka nenda mwaka rudi bila hata siku moja kujiuliza inatoka wapi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Nami naongeza: asiyejua radi huenda asipate nafasi ya kuambiwa mara ya pili.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaona. Tangu nilipoondoka hapa shuleni na kwenda chuo kikuu kusomea elimu ya hali ya hewa, mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukizifuata dhoruba wakati wa likizo. Msicheke! Huko Marekani jambo hili lilianza tangu miaka ya 1950, na wako watu wanaoendesha gari mamia ya kilomita kuitafuta tonado. Sisi hatuna tambarare zao, lakini tuna kitu ambacho wangekitamani. Tuna Kericho.

Vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi ulimwenguni. Kwa nini? Mchana, jua huipasha nchi kavu joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Upepo wa ziwani huvuma kuelekea vilimani, ukakutana huko na pepo zitokazo mashariki. Hewa ile yenye unyevu, ikikosa pa kwenda, hupanda juu, na wingu lake laweza kufikia kimo cha kilomita 15. Huko juu maji huganda yakawa mawe. Na kwa kuwa Kericho yenyewe iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mawe hayo hayapati muda wa kuyeyuka kabla ya kutua. Usiku mambo hugeuka. Upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ngurumo nazo huhamia majini, waliko wavuvi.

Safari yetu ya kwanza tulitumia pikapu ya mjomba wa mmoja wetu. Saa nne asubuhi tulipopita Ahero anga ilikuwa safi, jua kali ajabu. Saa saba tukaona vijiwingu juu ya vilima, vyeupe kama pamba. Saa tisa vilikuwa mlima mweusi. Tulifunga vioo, tukakaa ndani ya gari na kuanza kuhesabu. Umeme ukimulika, unahesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha unagawanya kwa 3 upate kilomita. Sekunde 18, kilomita 6. Sekunde 9, kilomita 3. Kisha, lo! Hapakuwa na la kuhesabu tena. Mawe yalilipiga paa hata hatukusikizana.

Kabla ya hapo mama mmoja mwenye duka kando ya barabara alikuwa ametucheka. "Nyinyi watoto wa chuo, mvua ina nini ya kufuatwa? Si huja yenyewe?" Dhoruba ilipopita alitupeleka nyuma ya duka, kwenye shamba lake dogo la majani chai. Machipukizi yalikuwa yamechanikachanika, yametapakaa chini pamoja na barafu. Hakucheka tena. Alisema, "Basi mkirudi huko chuoni, mjifunze namna ya kuniambia mapema. Na mniambie kwa lugha ninayoisikia."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama yule asingeweza kuyazuia mawe. Lakini angeweza kujua, na anayejua huokoa kinachookoleka. Kwenye chai ni majani. Kwenye shule ni watu.

Mwezi wa Juni 2011, huko Kiryandongo nchini Uganda, radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya na kuwaua wanafunzi 18. Walikuwa darasani. Tarehe 10 Machi 2018, wilayani Nyaruguru nchini Rwanda, radi iliua waumini 16 kanisani. Radi huipasha hewa joto la takriban digrii 30,000, yaani mara 5 hivi ya uso wa jua. Sasa niambieni, jamani, shuleni tunafanya nini ikinguruma? Tunamaliza kwanza kipindi cha pili cha mpira, ati kwa sababu mvua haijafika! Tukilowa, tunakimbilia chini ya mti. Wengine husema usivae nguo nyekundu, ufunike kioo, halafu wanaegemea ua wa seng'enge.

Ukweli ni kwamba radi yaweza kupiga kilomita 10 mbali na mvua. Haichagui rangi ya shati. Hupenda kilicho kirefu na kilicho peke yake, kama mti uwanjani, mlingoti wa goli, au wewe uliyesimama katikati. Gari lililofungwa hukinga kwa sababu bati lake huupitisha umeme nje hadi ardhini. Matairi ya mpira hayahusiki hata kidogo.

Mtu ataniuliza: je, elimu inasaidia kweli? Mhandisi Tim Samaras alizipima tonado miaka mingi, na bado tonado ilimwua karibu na El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba Samaras alisogea karibu ili apate vipimo. Mimi sitaki mwanafunzi yeyote asogee karibu. Nataka ajue ni wakati gani wa kuondoka, basi. Kuifuata dhoruba vizuri ni kuijua kutoka mbali.

Kwa hivyo, walimu wetu waheshimiwa, naomba mambo mawili. Kwanza, pawe na kanuni: ngurumo ikisikika chini ya sekunde 30 baada ya umeme, michezo isimame, watu wote waingie ndani ya jengo imara, na wasitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Pili, kile kipimamvua kilicho nyuma ya maabara kisomwe kila siku saa tatu asubuhi na kuandikwa daftarini. Shule isiyojua mvua yake ya jana haiwezi kusema lolote juu ya ya kesho.

Na nyinyi wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kazi yenu ni hii. Iandikeni kanuni hiyo kwa Kiswahili chepesi, muibandike bwaloni na mabwenini, na mkifunga shule muipeleke nyumbani. Yule mama wa duka bado anangoja kuambiwa.