Mgeni Anapofunga Mizigo

Ndugu msomaji, wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia tumwageje mgeni aliyelishika jembe hilo kwa miaka 15, akaoa kwetu, akazaa, akazika wenzake katika udongo wetu, kisha akapata habari kwamba njia ya kurudi kwao imefunguka.

Jambo hilo liliwafika wakazi wa Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mwaka 1977 Serikali yetu iliwapa ndugu zetu wa chama cha ANC cha Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge. Vijana wengi walikuwa wameikimbia nchi yao baada ya mauaji ya Soweto yaliyoanza tarehe 16 Juni, 1976, nao walihitaji mahali pa kusoma. Hapo ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili, 1979. Baadaye zikaongezeka hospitali, shule ya watoto wadogo, mashamba na karakana ya samani. Wageni walilima, wakafuga, wakajenga.

Tarehe 2 Februari, 1990, chama chao kiliondolewa marufuku iliyokikalia tangu mwaka 1960. Mwezi Julai, 1992, Mazimbu ikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ikiwa bado na jina la Mahlangu.

Majengo yalikabidhiwa kwa hati na kwa hotuba. Je, watu nao?

Mfikirie mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1978. Siku ya makabidhiano alikuwa na umri wa miaka 14. Milima ya Uluguru aliijua. Johannesburg aliisikia tu katika mazungumzo ya wakubwa. Wazazi wake walipofunga mizigo walikuwa wanarudi nyumbani. Yeye alikuwa anaondoka nyumbani. Safari ilikuwa moja, gari moja, lakini machozi yalikuwa ya namna mbili.

Wafikirie pia dada zetu walioolewa na wageni hao. Baadhi yao waliwafuata waume zao, wakaenda kujifunza lugha ya wakwe na mila zao wakiwa watu wazima. Wengine walibaki hapa na watoto. Na wapo waliolala katika makaburi ya Mazimbu, ambao uhuru wa kwao ulipatikana mwaka 1994 bila wao kuuona.

Simlaumu mtu aliyerudi kwao. Mtu kwao, na mpigania uhuru asiyetamani kurudi alikuwa akipigania nini? Ninalosema ni kwamba haki ya kurudi haifuti wajibu alioupata mtu ugenini. Hilo linatuhusu sisi pia, kwa maana leo vijana wetu wanasoma na kufanya kazi katika nchi za mbali, na wageni wanakaa miongoni mwetu miaka na miaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje siku ya tiketi. Ikiwa umeoa au kuolewa ugenini, ndoa hiyo na iandikishwe, na wazee wa pande zote mbili wafahamiane mapema. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitafutwe angali mchanga. Mtoto afundishwe lugha ya baba na ya mama, aambiwe ukweli kuhusu nchi aendayo, na apewe nafasi ya kuwaaga rafiki zake. Ikiwa kuna atakayebaki, ajue wazi anabaki kama nani, na nani atamsaidia kulea.

Sanduku hufungwa kwa usiku mmoja. Mambo ya jamaa yahitaji muda mrefu zaidi, nayo hayafungwi na mtu mmoja peke yake.