Ngoma Nayo Ni Kazi, Diwani Atujibu

Makamanda, mikopo ya asilimia 10 ikitajwa, kwa nini watu wanawaza bodaboda na kuku tu?

Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, leo tunakiita TaSUBa. Mhitimu anatoka pale anajua ngoma, sarakasi, jukwaa. Akija kwetu Mapinga anatumbuiza harusini kwa nauli na sahani ya pilau. Kesho video yake inatangaza ukumbi wa mtu, yeye hapati hata mia.

Sasa sikilizeni, haya ndiyo nasoma darasani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi mtunzi peke yake. Anayetumbuiza naye analindwa: kumrekodi na kumrusha hewani kunataka ridhaa yake. Basi muandikiane kabla ngoma haijapigwa, ukurasa mmoja unatosha: shoo bei gani, video bei gani.

Halafu mtaji. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Fungu la vijana ni 4. Hakikutaja kuku. Ngoma, mavazi na spika ni vitendea kazi kama cherehani. Sajilini kikundi, pelekeni andiko, na mkinyimwa daini sababu kwa maandishi.